Nilimpigia Simu Mama Mdogo Mbele ya Wadukuzi

Mhariri, jina langu lifiche, nakuomba. Songea ni ndogo, na Msamala, mtaa wetu, ndiyo ndogo zaidi. Nilikosa mimi. Si shetani, si marafiki, si pombe. Ni mimi na mdomo wangu!

Nina kibanda cha kutengeneza simu. Nabadilisha vioo na betri, nafungua simu za waliosahau namba zao. Lakini kwenye bango sikuandika fundi simu. Niliandika MTAALAMU WA USALAMA WA MITANDAO, kwa rangi nyekundu. Watu wakaamini. Baya zaidi, hata mimi nikaamini.

Basi nikasikia kuna mkutano mkubwa wa wadukuzi Dar es Salaam, wale watu wanaoingilia kompyuta na simu ili kuonyesha penye udhaifu. Nikajiandikisha. Nikatangaza kwenye jumuiya yetu ya kanisa, baada ya sala, kwamba Songea imepata mwakilishi. Wakaniombea. Mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu afariki, alitoka kijijini Maposeni na karanga za kukaanga ili nisishinde njaa huko kwa wasomi.

Nilivaa suti, jamani! Suti na tai, kwenye joto lile la Dar! Nafika ukumbini nakuta vijana wa kaptura na fulana nyeusi, wengine pekupeku. Kwenye meza moja watu wanafungua makufuli kwa vipande vya waya, wanacheka. Fanya hivyo sokoni kwetu uone kama utapewa nafasi ya kujieleza. Tukaambiwa tuzime simu, maana humo ndani simu iliyo wazi ni mali ya wote. Nikazima.

Kwa ile suti, wote walidhani nimetumwa na serikali. Nikisogea, wanafunika kompyuta zao. Binti mmoja mwenye rasta, msimamizi, akaniuliza nimebobea upande gani. Nikasema pande zote. Akaniuliza swali dogo tu, sikuelewa hata neno moja, nikakohoa. Akatabasamu kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniponza.

Baada ya chakula kukawa na shindano. Unapanda jukwaani, unampigia mtu kwa simu yao, kwa spika, ukimlaghai akataja namba ya siri, umeshinda. Zawadi ni fulana. Sharti ni moja: unayempigia awe amekubali mapema kuchezewa. Nikasema hapa sasa! Hii haitaki kompyuta, inataka mdomo.

"Unampigia nani?" binti akauliza.

"Mama yangu mdogo. Ni mweka hazina wa kikundi cha wakulima wa mahindi."

"Ameridhia?"

"Ameridhia kabisa, dada."

Uongo mtupu! Ukumbi mzima wa wadukuzi, na mlaghai wa kweli alikuwa mimi mwenye tai.

Nikabana sauti, nikajifanya mtu wa kampuni ya simu. Mama mdogo akaitikia kwa adabu zote, akaniuliza hata habari za watoto. Kisha akasema, "Namba ya siri ya kikundi haitolewi, baba. Hata mume wangu haijui. Haya, kazi njema." Akakata. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wanamshangilia yeye!

Ningeshuka hapo, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini yule binti alitabasamu tena. Nikaomba laini nyingine, na safari hii nikawa msamaria mwema.

"Shikamoo mama. Hunifahamu. Kuna kijana wa Songea kagongwa na gari hapa Dar, kavaa suti. Namba yako nimeikuta mfukoni mwake. Hospitali wanataka hela kabla ya upasuaji, naye anasema wewe unatunza ya kikundi."

Nikasikia sufuria inaanguka.

"Anapumua?"

"Anapumua, mama, lakini hali si nzuri. Nitajie ile namba ya siri, tuitoe huku."

Akaitaja. Akairudia polepole nisije nikakosea. "Chukueni yote," akasema. "Mwambieni mama yake anakuja. Mwambieni asilale."

Hakuna aliyepiga makofi. Binti alizima spika, akaniambia, "Kaka, shuka."

Nikampigia hapohapo kumweleza ni mchezo. Simu yake inatumika! Alikuwa anawapigia ndugu, na ndugu wananipigia mimi niliyezima simu. Nilipokuja kumpata mjomba, Maposeni ajali ilishakuwa kifo. Mikeka imetandikwa, rozari imeanza, kuni zimeshaletwa.

"Mjomba, mimi mzima!"

"Wewe nani?"

"Mimi... marehemu."

Mpaka leo Msamala naitwa Marehemu. Wateja wanavuka barabara na simu zao kwenda kwa fundi mwingine, na siwalaumu. Bango nimelishusha. Hela ya kikundi haikuguswa, namba ikabadilishwa, lakini mama mdogo alijiuzulu kabla hata kikao hakijamuuliza. Mwanamke aliyeaminiwa na kijiji kizima! Naona aibu hata kuandika.

Nilikwenda nikampigia magoti. Nikamwambia, "Nisamehe mama. Nilitumia ujanja wa mitandao, na wewe mambo hayo huyajui."

Akaacha kupukuchua mahindi.

"Nilijua," akasema. "Yule mtu alipotaja tu namba ya siri nilijua huyu anaweza kuwa mwizi. Nikasema, akiwa mwizi, ataondoka na hela za mahindi. Asipokuwa mwizi nami nikamkatalia, mwanangu atakufa." Akachukua hindi lingine.

Ewe unayejiita mtaalamu, nisikilize mimi mjinga. Wafundishe wazee wako wasitaje namba zao, ni vizuri. Lakini mtu ambaye yuko radhi kuibiwa ili wewe uishi, usimjaribu hata kwa mzaha, tena mbele ya watu usiowajua, tena kwa fulana!

Nikienda Maposeni bado ananipikia, tunakula, tunaongea habari za mvua. Ila nikimpigia simu, hapokei.