Picha Niliyomchora Fabiani

Siku ile haijanitoka, mwanangu. Fabiani amesimama kwenye bariyeri ya vijana waliofunga njia, kofia yangu ya kuswalia iko kichwani mwake, na Dismasi ameinua karatasi yenye picha kando ya uso wa Fabiani. Anatazama karatasi, anatazama uso, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Kisha akasema, "Ni yeye. Someni hapo chini."

Hapo chini paliandikwa: Fabiani, Kinama. Mwandiko ulikuwa wangu.

Walimpeleka nyuma ya ukuta wa karakana. Hakurudi.

Sasa nianzie mwanzo, upate kuelewa. Mimi shule niliishia darasa la sita. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina kwenye milango ya karakana za Buyenzi. Herufi nilizimudu, mtu nilikuwa simwezi. Vita vikiwa vimeshaanza, mzee mmoja, Mwalimu Zakaria, akafungua darasa la kuchora watu katika ukumbi mdogo wa kartie yetu, mtaa wa Buyenzi. Majirani walimcheka: nchi inaungua, yeye anafundisha kuchora viwiko! Mama yangu hakucheka. Alisema, "Mutoto wangu, ukichora mutu, siku ya kiama utaambiwa uitie roho hiyo sura. Utaitia na nini?" Nilikwenda hivyohivyo.

Tulisimama kwa zamu, mmoja anachorwa, wengine wanachora. Aliyesimama vizuri kutushinda wote ni Fabiani, Mkristo wa Kinama, mbeba magunia, aliyezoea uzito shingoni bila kutikisika. Mzee alitufundisha kunyoosha mkono, kufumba jicho moja, kupima kichwa kwa penseli, kisha kuhesabu vichwa mpaka kwenye nyayo: saba na kidogo. Na huko nje, mwanangu, siku hizo vijana walikuwa wakipima pua za watu kutafuta kabila. Dismasi, mwenzetu darasani, mtoto wa seremala wa mtaa wa pili, akatania, "Mwalimu, na pua tunazipima namna gani?" Tulicheka, na mimi nilicheka. Mzee akasema, "Mutu anapimwa na kichwa chake mwenyewe, apana na pua ya jirani."

Fabiani alipoiona picha yangu ya kwanza alilia kwa mzaha: "We, umenikata miguu! Kesho magunia nitabeba na nini?" Nilifuta, nikarudia majuma matatu. Ya mwisho ilikuwa yeye hasa, hata kovu la juu ya jicho.

Mzee alikuwa na kanuni mbili. Chini ya kila picha tuliandika jina la aliyechorwa na kwao, maana, alisema, mtu si chungu hata achorwe bila jina. Na picha haikutoka ukumbini kabla mwenye uso hajaulizwa iende kwa nani. Ile ya kwanza niliishika. Ya pili niliivunja. Dismasi aliniambia, "Ndugu yangu, we una mukono ya ajabu. Nipe hiyo, mama aione." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nikampa. Fabiani sikumwuliza. Mzee alipojua alinikalisha chini. "Umegawa uso wa mutu kama chumvi. Kairudishe leo." Niliona haya kudai nilichokitoa kwa mkono wangu. Nikasema kesho.

Kesho yangu haikufika. Njia zikafungwa, wale vijana wa kupima pua wakaanza kusaka watu wa Kinama, mtaa waliouhesabu wa kabila la adui, na Fabiani akakwama kwetu Buyenzi. Wakati huo Mswahili wa Buyenzi alikuwa bado anapita. Hawakumhesabu upande wowote. Nikamvika kofia, nikamfundisha salamu ya Kiislamu, tukatoka mpaka kwenye bariyeri.

"We nani?"

"Mi Shabani, wa Buyenzi."

"Ni ndugu yangu," nikasema mimi. "Wallahi."

Waliamini. Mmoja alishasogeza jiwe kwa mguu ili tupite. Ndipo Dismasi, aliyekuwa amesimama nao, akasema subirini, akakimbia nyumbani kwao. Nilijua anafuata nini. Fabiani hakujua; alinitazama akatabasamu, akidhani tumevuka. Karatasi ilipofika waliuliza nani aliyeandika. Nilinyamaza. Mpaka leo nimenyamaza, ila sasa.

Fabiani hana kaburi. Mama yake alikuja kwetu mara mbili kuomba ile picha tu, apate cha kutazama. Nilimwambia imepotea. Haikupotea. Anayo Dismasi, ambaye sasa ana duka la misumari na mabati Kanyosha, amenenepa, watu wanamwita mzee. Nilimfuata dukani mara moja. Akasema, "We Muswahili, mambo ya zamani haya. Unataka misumari ngapi?"

Mwanangu, uso wa mtu ni amana. Jina lake ni amana, na kwao ni amana. Usimpe mtu kitu cha mwenzako kwa sababu amekusifu. Ukikosea, rudisha siku hiyohiyo, haya ikuue lakini rudisha. Na ukisikia mzaha wa pua, usicheke. Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi usiokufa ganzi, akukinge na rafiki mwenye sifa nyingi.

Mimi sikatai langu. Siku nitakayoambiwa niitie roho ile picha, nitasema siwezi, nami nitastahili nitakachopewa. Lakini sitasimama pale peke yangu. Dismasi, mwana wa seremala, mama wa Fabiani bado yu hai, anakaa Kinama. Mpelekee ile karatasi kwa mkono wako, umwonyeshe na ule ukuta wa karakana. Anakungoja umjibu: mtoto wake umemweka wapi?