Ndama Kwanza

Hilding Forsgren alikuwa na miaka sabini na mmoja, na alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Magoti yalimuuma akipanda ngazi, yakamuuma akishuka. Mkewe Sonja alikuwa na mwaka wa nne kaburini. Kwa miaka thelathini na minane mzee huyu aliendesha mashine za kukata miti katika misitu ya jimbo letu la Jämtland, karibu na mpaka wa Norwe, na sasa misitu ileile aliitazama dirishani akinywa kahawa peke yake, mbwa wake Birka amemlalia miguuni. Ukimuuliza hali, alikujibu, "Nipo." Huku kwetu hilo ni jibu refu.

Kitu kimoja tu kilimfanya ahesabu siku, nacho ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba, tunapoanza kuwinda elki. Elki ni mnyama wa misitu yetu, mrefu kuliko farasi, mwenye pua nene na miguu kama ya kuazima. Wiki hiyo ndiyo pekee katika mwaka mzima ambayo binti yake, Anneli, aliendesha gari kwa muda wa saa saba kutoka kusini akaja nyumbani. Krismasi alikwenda kwa wakwe. Kiangazi alikwenda ufukweni. Septemba alikuja kwa baba yake kwa sababu familia ilikuwa na fungu lake la nyama, na kwa sababu ndivyo walivyozoea. Mwenyewe hakuwinda. Alikaa kwenye kibanda cha wawindaji, akachoma soseji, akacheka na watu, kisha Jumapili akaondoka.

Mwaka huo alipiga simu mwezi Agosti. "Baba, watoto wanataka kwenda na wewe porini. Tuva ameshatimiza saba. Wakipenda, tutakuja kila mwaka. Wasipopenda, sijui. Njia ni ndefu, na Melker anatapika garini."

Aliyasema hayo kama mtu anayezungumzia kubadilisha matairi. Hilding alijibu, "Sawa," akaiweka simu, akabaki amesimama katikati ya jikoni. Kwa mzee yule maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: wakipenda, ana familia, wasipopenda, ana mbwa.

Ungedhani hilo lisingemtisha, maana karibu watoto wote wa kijiji hiki walifundwa na Hilding. Ni desturi yetu. Mtoto akifika miaka mitano, sita, hupelekwa porini na mwenye mbwa, na aliye mdogo kuliko wote ndiye anayemfungua mbwa kamba asubuhi ya kwanza. Hilding aliwaonyesha namna ya kurusha unyoya hewani kujua upepo unaendea wapi, namna ya kukaa bila kuchakarisha koti, na namna ya kumsikiliza mbwa: akibweka huku anakimbia, mnyama anakimbia, akibweka mahali pamoja bila kukoma, mnyama amesimama. Alikuwa na subira zaidi na watoto wa watu kuliko aliyokuwa nayo na wa kwake.

Wa kwake alimharibu, au ndivyo alivyoamini. Anneli alikuwa na miaka saba siku Hilding alipompeleka, na siku hiyo mbwa alisimamisha elki jike na ndama wake. Sheria yetu iko wazi: ndama kwanza. Ukimuua mama, umemwacha mtoto ahangaike kwenye theluji mpaka afe. Kwa hiyo hupigwa risasi ndama, kisha mama ukitaka. Ni sheria ya huruma, lakini jaribu kumweleza mtoto mwenye meno ya mbele yaliyong'oka. Hilding alimpiga yule ndama mbele ya macho ya Anneli, na Anneli hakuja porini tena. Miaka thelathini na moja mzee aliibeba siku hiyo, na hakumwambia mtu.

Jumatatu ilianza vizuri. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kinamasi. Melker, miaka mitano, kofia ya rangi ya chungwa imemfunika hadi kwenye nyusi, alipewa kamba.

"Bonyeza hapo," Hilding alinong'ona. "Halafu mwambie atafute."

"Tafuta!" Melker alipiga kelele, na kunguru wawili wakaruka mtini.

"Umewaamsha hadi watu wa Norwe," dada yake akamwambia.

Birka alitoweka kwenye misonobari. Wao wakaketi juu ya ngozi ya kulungu chini ya mti ulioanguka, Hilding katikati, bunduki magotini, mtoto kila upande. Simu yake ilionyesha mahali mbwa alipo, kwa msaada wa kifaa alichofungwa shingoni, na kila mara Melker alitaka kuishika.

"Babu, ni geimu?"

"Si geimu. Huyo ndiye Birka."

"Mbona ni kinukta?"

"Yuko mbali."

"Akimpata elki, mimi ndiye ninampa nyama ya kwanza, siyo?"

"Wewe. Moyo unakatwa, kipande cha kwanza ni cha mbwa, na wewe ndiye unampa."

"Sitanawa mikono kabla," Melker alisema. Haikueleweka kama ni ahadi au ni furaha.

Tuva hakusema sana. Alikaa wima kama aliyemezeshwa ufagio, akirusha unyoya wake kila dakika. Darasani kwao, kama tulivyokuja kuambiwa baadaye, alikuwa amewatangazia wote tangu masika kwamba yeye anakwenda kuwinda na babu yake, na kuna mvulana mmoja aliyemwita mwongo.

Saa tatu kasoro Birka alibweka. Kwanza mara moja moja, halafu mfululizo, halafu sauti ikatulia mahali pamoja. Moyo wa Hilding ulipiga ule upigaji wa zamani. Hata magoti yalinyamaza. Kisha sauti ikaanza kusogea taratibu, ikija upande wao, na kabla mzee hajapanga la kufanya, elki jike alitoka kwenye miti hatua arobaini hivi mbele yao, akasimama. Nyuma ya mguu wake alisimama ndama.

Birka alizunguka mbele yao akibweka, anasogea, anaruka nyuma, bila kuuma wala kuchoka. Ni kazi safi ambayo mwenye mbwa huiona mara chache maishani. Jike aliinamisha kichwa akimwangalia mbwa. Ndama alisimama ubavu wazi, ametulia. Upepo ulikuwa unawajia usoni. Hata mimi nisiyelenga vizuri ningempata.

Hilding aliinua bunduki. Alimwona ndama kwenye darubini ya bunduki, masikio makubwa, manyoya mekundu. Na hapohapo aliisikia pumzi ya Tuva sikioni mwake, ya haraka, nyembamba, na kilichomjia kichwani ni uso wa Anneli akiwa na miaka saba. Nikimpiga huyu, alijiambia, nimewapoteza. Watarudi kusini na sitawaona tena.

"Babu," Tuva alinong'ona. "Ndama kwanza."

Aliisema kama mwanafunzi anayemkumbusha mwalimu. Mzee alidhani anaogopa.

Dakika ikapita. Ikapita ya pili. Akaishusha bunduki magotini. Waliketi hivyo, mbwa akibweka, karibu dakika sita, mpaka upepo ulipogeuka na jike akawanusa. Waliondoka wote wawili kwa ile mbio yao ndefu, maji ya kinamasi yakiruka, na Birka nyuma yao.

Redio ilikoroma. Alikuwa Britt-Inger, kiongozi wa kikosi, mwanamke wa miaka hamsini mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya ziwa. "Hilding! Mbona hatujasikia mlio? Mbwa alisimamisha vizuri kabisa!"

"Walikimbia," Hilding alisema. "Sikuwahi kuwaona vizuri."

Tuva aligeuka akamtazama.

Kumpata Birka kuliwachukua saa mbili na nusu. Mbwa wa aina yake haachi mnyama kwa kuitwa. Lazima umfuate umkamate. Hilding alivuka vinamasi viwili, Melker mgongoni, magoti yakimlilia. Walipomfikia, Birka alikuwa amelala njiani, ulimi nje, makucha yanavuja damu. Aliinua kichwa, akanusa mikono ya Hilding, akanusa ya Melker, akatafuta. Hakukuwa na kitu. Melker alianza kulia.

"Umechoka?" Hilding akamuuliza.

"Hajapewa chochote! Birka kafanya kazi yake yote na hajapewa chochote!"

Mzee alikata soseji yake ya mchana akampa mtoto ampe mbwa. Birka aliila. Melker aliendelea kulia, kwa sababu hata mtoto wa miaka mitano alijua kwamba soseji siyo moyo.

Kibandani moto ulikuwa umekolea, kahawa nyeusi kwenye birika, watu tisa wamevua mabuti. Wakaanza kumtania kama ilivyo kawaida yetu.

"Hilding, miwani uliiacha nyumbani?"

"Aliwaona, akadhani ni farasi wa jirani!"

Hilding alitabasamu, akamimina kahawa. Angenusurika kama si Tuva, ambaye alisimama katikati ya kibanda na kofia yake mkononi.

"Si kweli kwamba hakuwaona," alisema. "Walisimama kama kutoka hapa mpaka mlangoni… hapana, mbali zaidi kidogo. Mama na ndama. Nilimwambia ndama kwanza. Babu aliinua bunduki, halafu akaishusha. Halafu akadanganya kwenye redio."

Kwetu mtu anaweza kukosa shabaha, akacheka na wenzake. Kumwacha mbwa abweke dakika sita bure, kisha kusema uongo kwenye redio, hilo halina kicheko. Britt-Inger alikitazama kikombe chake. Uso wa Hilding uliwaka moto, akatoka nje na kwenda kukaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Anneli alimfuata.

"Baba, kwa nini?"

"Sikutaka waone ulichokiona wewe."

"Niliona nini?"

"Yule ndama. Mwaka ule. Nilikuharibia."

Anneli aliketi kando yake kwenye gogo. "Ulidhani ni ndama? Baba, ndama hata simkumbuki vizuri. Nilikuwa nasikia baridi. Maji yaliniingia kwenye mabuti asubuhi, na siku nzima hukuniuliza. Hukusema na mimi neno lolote isipokuwa nyamaza. Nikasema moyoni, basi, nitakaa na mama kibandani, huko watu wanaongea."

Miaka thelathini na moja. Hilding alitamani kucheka, na alitamani kulia, na kwa uchovu hakufanya lolote kati ya hayo.

"Tuva miguu imelowa?" aliuliza mwishowe.

"Mikavu kabisa. Amekasirika tu."

Walirudi ndani. Tuva alikuwa ameketi karibu na Britt-Inger, ameshika unyoya wake, wanazungumza kwa sauti ya chini kama watu wazima wawili. Hilding alichuchumaa mbele yake, goti likalia.

"Nilikosea," alisema. "Nilidhani utaogopa. Mimi ndiye niliyeogopa."

"Mimi siogopi," Tuva alisema.

"Nimeona."

Mtoto alifikiri. Hakuwa mkatili, alikuwa na miaka saba na alipenda mambo yafanywe inavyotakiwa. "Mwaka ujao tukija," alisema, "nitakaa na Britt-Inger. Yeye anapiga. Melker pia anataka. Wewe unaweza kukaa hapa na Mama."

Mtu mmoja alikohoa. Britt-Inger alishika mkono wa mtoto kama kumzuia, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na yeye akamgeukia mzee kwa macho ya kuomba radhi. "Hilding, ni mtoto. Tukubaliane baadaye. Mbwa ni wako, wajukuu ni wako. Ukisema hapana, ni hapana."

Hilding alijishika kwenye meza akainuka. Ilimuuma, wala sitaki kusema vinginevyo. Ilimuuma kuliko magoti.

"Wachukue," alisema. "Na Birka mchukue. Ilimradi waje."