Mafiga ya Kiwanjani

Kosa hili ni langu peke yangu. Binti yangu Tumaini alipata kiwanja katika mji mpya unaojengwa pembeni ya Dodoma, nikasafiri kutoka Kilolo kumsimamia ujenzi. Kwetu hatuchimbi msingi kabla ya kupika ugali kwenye ardhi hiyo. Mawe hayakuwepo, ila pembeni niliona vipande vya zege vimefukiwa nusu. Niling'oa vitatu, nikavifanya mafiga, nikajisifu kwamba bado nina nguvu.

Mpimaji wa ardhi aliyekuja kuhakiki kiwanja alikula, akanawa, akafungua ramani.

"Mzee, nionyeshe bikoni. Bila hizo mafundi hawachimbi."

"Zikoje?"

"Vipande vya zege vya kuonyesha mipaka, vina namba."

Tumaini aliinama akatazama motoni.

"Baba," akasema polepole, "kiwanja changu chote kiko chini ya sufuria."