Root ya Patrick

Ndugu zangu, mutu wenu wa damu akiwauza, munafanya nini?

Simu yangu ilikuwa inajaa kila siku na aplikasyo zenye ilikuja nazo, zenye hazikubali kufutwa.

Kuzini yangu Patrick anatengeneza simu hapa Bunia. Akaniambia mimi mukubwa wake: "Yaya, leta nifanye root, nifungue simu mpaka ndani. Utatoa kila kitu hautaki, utakuwa chef, mukubwa wa simu yako."

Kweli, simu ikawa mwepesi. Nikamushukuru sana.

Leo asubui muchumba wangu akanipigia toka Mambasa.

"Kumbe unaogopa mama yangu?"

Hiyo neno niliandikia dada yangu peke yake, jana!

Nikakimbia kwa mutengenezaji mwingine. Akakuta aplikasyo moja ya kufichwa, iko inatuma mesaji zangu zote Mambasa.

Nikaenda kuuliza Patrick. Hakukana hata.

"Yaya, shemeji njo aliniomba. Alisema anaogopa kukupoteza."

Ile aplikasyo sikuitoa kwanza. Nikaandikia dada yangu, si muchumba: "Arusi hakuna tena."

Haikupita dakika mbili, simu ya Mambasa inalia. Sikupokea.

Yeye nimemaliza naye.

Lakini Patrick, mutoto wa mama mudogo, tulikulia nyumba moja. Huyu njo ananiliza.