Wiki Mbili Kabla ya Mashindano ya Gofu

Mwaka ule kamati ilinipa kazi mbili: kutayarisha uwanja wetu wa gofu, na kuwafundisha wachezaji wetu sita kwa ajili ya mashindano ya ubingwa wa ridhaa. Wageni walikuwa wanakuja Bukavu kutoka Goma na ng'ambo ya mpaka, na sisi, kwa sababu ya vita, tulikuwa tumeuacha uwanja miezi mingi. Majani yalifika magotini. Mashimo mawili yalikuwa yamezibwa na tope.

Karibu kazi yote niliiweka juu ya mtu mmoja. Alikuwa mwenyeji wa kisiwa cha Idjwi, mkata majani wetu wa siku nyingi, na ndiye pia mchezaji bora tuliyekuwa naye, ingawa alijifunza kwa fimbo za kuazima. Asubuhi alifyeka, akavuta lile gogo zito la kusawazisha ardhi, mpaka majani ya kuzunguka kila shimo yakawa mafupi kama zulia. Alasiri alibadili viatu, tukafanya mazoezi. Alipiga mpira taratibu, bila papara. Mimi nilikuwa nimeshamwona na kombe mkononi.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, alinijia ameshika kifua.

"Papa, kifua iko inaniuma. Inapanda mpaka ku mukono."

Nilikuwa napanga ratiba ya mazoezi. Sikuinua hata kichwa.

"Vumilia kidogo," nikamwambia. "Tukimaliza mashindano, mimi mwenyewe nitakupeleka ku hopitali."

Aliitikia, akarudi kwenye majani. Hakulalamika tena, nami sikumuuliza.

Siku nne kabla ya mashindano alianguka karibu na shimo la saba. Tulimpakia kwenye gari langu. Alikata roho kabla hatujafika hospitalini.

Tulimrudisha Idjwi kwa boti yenye mota. Baada ya mazishi mke wake alikuja kukaa karibu nami uani, akaniuliza kwa sauti ndogo kama mume wake hakuwahi kuniambia kwamba anaumwa. Ningeweza kukataa, hakuna aliyetusikia siku ile.

"Aliniambia, maman. Nikamwomba avumilie."

Alikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Na mimi aliniambia," akasema. "Akasema papa ameshaahidi kumupeleka. Njo maana sikumusumbua."

Akainuka, akaenda kuwapa watu maji.

Mashindano yalifanyika. Mtu wa Goma alishinda, alivyocheza sikumbuki. Jioni, mgeni mmoja alisifu majani yetu, akataka kumsalimia aliyeyatunza. Nilimwambia amefariki majuzi. Akauliza kwa ugonjwa gani.

Nilimjibu kwamba ni moyo. Mengine sikuyasema.