Mkasi Mdogo wa Mama Pindo

Mama Pindo hakuwa mtu wa kuamini kitu asichokipima. Mteja akimwambia kwamba kiuno chake hakijaongezeka tangu mwaka jana, yeye huvuta futi shingoni, akamzungushia, akatazama namba, akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikowauma wateja. Jina la Mama Pindo lenyewe lilitokana na kazi yake. Hakuna nguo iliyowahi kutoka mikononi mwake ikiwa na uzi unaoning'inia. Shingoni, kando ya futi, alivaa mkasi mdogo wenye ncha kali, na kazi yake ilikuwa kusafisha kingo tu.

"Nguo huharibikia ukingoni," aliwaambia waliomcheka.

Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, nayo ilikaa barazani kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alipojigonga muundi kwenye chuma cha pedali, hakushtuka. Fundi asiyejigonga ni yule asiyefanya kazi. Lakini mahali pale pakatoka kipele, kipele kikapasuka, na kidonda kikakataa kupona. Kingo zake zikawa za zambarau, kama mtu aliyepigwa ngumi, na chini yake nyama ilikuwa imeliwa kwa ndani, hata ngozi ikabaki inacheza kama mfuko wa suruali uliofumuka. Na kiliuma kuliko ukubwa wake.

Zahanati walikikwangua ili kiwe safi. Kikapanuka. Wakakikwangua tena, kikapanuka tena. Wakampima sukari, hana. Wakampima kifua kikuu, hana. Vidonge vya kuua vijidudu alivimeza mpaka mdomo ukawa mchungu. Mwishowe daktari mpasuaji alikiangalia kidonda, akamwangalia usoni, akasema, "Mama, nitakupeleka kwa daktari wa ngozi kwanza. Lakini kikiendelea hivi, itabidi tuzungumze habari ya kuukata mguu."

Cherehani ya kukanyaga na mguu mmoja. Mama Pindo alirudi nyumbani akiyarudia maneno ya daktari kila hatua.

Ndipo alipokuja wifi yake, dada wa marehemu. Alikuja na begi moja na maneno machache. "Nimekuja kukusaidia mpaka upone," akasema, akavua viatu, akaingia jikoni. Tangu siku hiyo alikiosha kidonda kila jioni kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, akakifunga kwa bendeji safi. Mikono yake ilikuwa myepesi, hilo Mama Pindo hakuweza kulikataa. Lakini kidonda kilizidi kukua.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na muuza mkaa, mwanamke mwenye masikio marefu kuliko barabara yenyewe. Asubuhi moja alileta gauni la kupunguzwa, akakaa bila kukaribishwa.

"Shoga, kabla huyu wifi hajaja, kidonda kilikuwa kama nini?"

"Kama kizibo cha chupa."

"Na sasa?"

Mama Pindo akalikunjua gauni. Sasa kilikuwa kama kiganja.

"Mimi sisemi kitu," muuza mkaa akasema, na mtu akianza hivyo ujue anasema. "Lakini nyumba hii ilikuwa ya kaka yake. Na wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako."

"Gauni unataka lipunguzwe wapi?" Mama Pindo akauliza.

Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Jioni ile wifi alipokuja na beseni, Mama Pindo alimtazama mikono badala ya uso. Chumvi ilitoka kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Je, ilikuwa chumvi tu? Kwa nini wifi aliichukua akiwa ameupa mlango mgongo? Kwa nini bendeji chafu alizifunga kwenye mfuko mweusi na kutoka nazo, badala ya kuzitupa hapahapa?

"Unazipeleka wapi?"

"Kuzichoma, wifi. Unataka watoto wachezee?"

Jibu lilikuwa zuri. Jibu zuri mno, aliwaza Mama Pindo, humtia mtu wasiwasi kuliko jibu baya.

Basi akatega mtego wa fundi. Alinunua chumvi mpya, akaitia ndani ya kopo, akauzungushia mfuniko uzi mwembamba wa kijivu na kuupiga fundo lake, lile la kumalizia vifungo, ambalo hakuna mtu nyumbani aliyejua kulifunga. Kisha akamwambia wifi kwamba kuanzia siku hiyo ataosha mwenyewe.

Wifi alimtazama kidogo. "Sawa," akasema. "Ni mguu wako."

Siku zikapita. Kila alipolichukua kopo ili aoshe, alikuta uzi mahali pake na fundo ni lilelile, na akimaliza alilifunga upya. Na kidonda? Kilikuwa kimeramba ngozi nyingine kuelekea kifundo cha mguu. Mama Pindo alikaa juu ya kitanda akiwa amekunja suruali, akikitazama kama mtu anayemtazama mwizi ambaye haijulikani kaingilia mlango gani. Kama si chumvi, basi ni mafuta ya kujipaka. Kama si mafuta, ni chakula. Hakika tumbo nalo lilikuwa linamsumbua, miezi sasa, linamkimbiza chooni na kumkata kama wembe, na mara nyingine aliona damu. Lakini damu ya chooni si habari ya kumwambia mtu. Tena kidonda kilikuwa mguuni, tumbo liko wapi na muundi uko wapi? Magoti nayo yaliuma asubuhi. Hayo aliyalaumu kwa pedali.

Kisha, kama alivyofanya kila asubuhi kabla ya mtu yeyote kuamka, alichemsha ule mkasi mdogo kwenye sufuria, akaupangusa, akakata taratibu ile ngozi ya zambarau iliyolegea ukingoni. Alikata kwa uangalifu, sawasawa, kama anavyosafisha kingo za gauni la arusi. Meno ameyabana, machozi yanamtoka. Ukingo mchafu hauwezi kuachwa.

Siku ya daktari wa ngozi ilipofika, wifi alivaa viatu bila kuulizwa. Mama Pindo alitaka kumkataza, ila mguu ulihitaji bega la kuegemea. Wakaenda hivyo, Mama Pindo akimwegemea wifi kwa mwili na kumwepuka kwa moyo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alikitazama kidonda bila kukigusa, muda mrefu, hata Mama Pindo akaanza kumshuku na yeye. Daktari gani haogopi wala hashiki?

"Mama, mbali na mguu, kuna kitu kingine kinakusumbua? Magoti? Tumbo?"

"Hakuna."

"Choo kikoje?"

"Daktari, mimi nimekuja na mguu."

Wifi akakohoa. "Muulize tena, daktari. Anakwenda mara nyingi mpaka mlango umelegea bawaba. Na kuna damu. Mimi ndiye ninayesafisha."

Mama Pindo aligeuka kama aliyechomwa sindano. "Umekuwa ukinipeleleza?"

"Na wewe ulifunga uzi kwenye kopo la chumvi. Ulidhani sikuuona?"

"Hukuufungua."

"Nifungue ili iweje? Nilinunua chumvi nyingine ya kupikia. Au ulidhani tunakula nini siku zote hizi?"

Daktari aliinamisha uso kuficha kicheko. Kisha akaacha kucheka, kwa maana alikuwa ameona jambo. "Kingo hizi zimenyooka sana," akasema. "Nani anazikata?"

Wifi alinyoosha kidole polepole hadi kwenye utepe ulioning'inia shingoni kwa Mama Pindo.

"Mkasi huo huwa na maji kila asubuhi," akasema. "Nguo hazina maji."

Mama Pindo aliushika mkasi kana kwamba umemwita kwa jina. Angeweza kukana. Lakini pale mezani ulikuwa mguu wake. "Nazisafisha tu," akasema. "Ngozi iliyokufa. Hata zahanati walikwangua."

"Walikwangua, kikapanuka," daktari akasema. "Nawe ukakata, kikapanuka. Kuna vidonda vya namna hiyo, mama, havitokani na vijidudu. Askari wa mwili wenyewe wamechanganyikiwa, wanaishambulia ngozi. Ukikata, ni kama umepuliza filimbi, wanakuja wengi zaidi. Na mara nyingi askari haohao wako tumboni na kwenye viungo. Nitachukua kipande kidogo sana tuhakikishe si kitu kingine, na tumbo litatazamwa kwa kamera. Ikiwa kweli ni kile ninachokifikiria, kuna vidonge. Habari ya kukata mguu iwekeni kando kwanza."

Akataja jina la ugonjwa, refu kama foleni ya benki. Mama Pindo hakujaribu kulirudia. Alikuwa anatafuta wa kumshuku na hakumpata. Kila aliponyoosha kidole kilirudi kikamgusa kifuani.

Vipimo vilikubaliana na daktari. Vidonge vikaanza, na kwanza vikamvimbisha mashavu, hata muuza mkaa akavuka barabara kuja kuchungulia.

"Shoga, uso umekuwa hivyo? Una hakika na hao madaktari?"

"Gauni lako liko tayari," Mama Pindo akasema. "Nimeongeza kiunoni."

Tumbo likatulia kabla ya mguu. Kidonda kilichukua wakati wake, lakini ukingo wa zambarau ukafifia, na siku moja ngozi nyembamba ya waridi ikaanza kutambaa kuelekea katikati. Ilikuwa imejikunjakunja, isiyo sawa, na vidole vya Mama Pindo vilitamani kuinyoosha mpaka akavikalia.

Jioni hiyo aliuvua mkasi shingoni, akamkabidhi wifi pamoja na lile kopo, uzi wa kijivu ukiwa bado umefungwa.

"Niutunze wapi?"

"Usiniambie."

Wifi akaukata uzi kwa mkasi uleule, akafungua mfuniko, akaleta beseni. "Chumvi natia mbele yako, uone."

"Tia," Mama Pindo akasema, akinyoosha mguu. "Kwanza nipe niionje."