Wali Mtamu wa Mama

Kijijini kwetu, ukitaka kumlisha marehemu wako, mlishe mtawa wa hekalu letu la Kibudha. Unachomtilia bakulini alfajiri ndicho kinachomfikia mzazi wako huko aliko, kwa hiyo hakuna anayeweka kitu ambacho mzee wake hakukipenda. Huyu baba yake alipenda nguruwe mwenye mafuta, anapeleka nguruwe. Yule bibi yake alikata roho akitamani soda nyekundu, anapeleka soda. Wafu wetu, nisiseme uongo, hawataki kusikia habari za mboga. Mume wangu mimi alikuwa mtu wa soseji za kuchoma, zile zinazodondosha mafuta mkaani, na tangu aniache nimekuwa nikimpelekea soseji utadhani kesho anarudi kulima.

Lakini kwa kulisha marehemu hakuna aliyemfikia Saengla, jirani yangu. Huyu ni mpishi wa vitamu, anauzia langoni mwa hekalu. Wali wake wa kunata anaupika kwa tui zito la nazi na sukari guru, juu anamwaga kastadi ya mayai, kisha anaufunga kwa jani la mgomba. Ni mtamu mpaka unakusahaulisha uliyekosana naye. Mwenyewe anakula makombo ya sufuria akiwa amesimama, na katika ujirani wetu wote sikuwahi kumwona amekaa chini akala kama mtu. Ukimwuliza, anakwambia atakaa akifa.

Mama yake aliupenda wali huo kuliko kitu chochote. Alipokuwa kufani aliuomba. Saengla akakimbilia jikoni, akakuna nazi, akawasha moto, na wali ulipoiva mama alikuwa ameshakwenda. Hicho ndicho kidonda chake. Tangu hapo fungu la kwanza linalotoka jikoni kila alfajiri ni la mama, na anayelila kwa niaba ya mama ni mtawa Inthon, ambaye ni kaka yake Saengla wa tumbo moja.

Mtawa hachagui. Kilichoingia bakulini ndicho chakula, na watu huketi ukumbini mwa hekalu wakimtazama mdomo, maana asipogusa kitu chako utalala unajiuliza kama marehemu amekula. Adhuhuri ikipita hali tena, ila vinywaji ruksa, basi wenye huruma wanamletea kahawa iliyojaa sukari na maziwa mazito. Siku nzima ameketi, anasali au anasikiliza ugomvi wetu wa mipaka ya mashamba. Inthon niliyemjua mimi alikuwa kijana mwembamba anayeruka mitaro. Huyu wa sasa akitaka kuinuka hushika nguzo kwanza.

Kisukari kilimwingia zamani na hakusema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye kilianza kumuumbua kwenye kidole cha mguu. Watawa wetu hupokea chakula wakitembea miguu mitupu. Asubuhi moja alikanyaga gamba la konokono, akapata jeraha dogo la kuchekwa, nalo likakataa kupona. Hospitalini wakakikata kidole. Daktari akasema bila kuzungukazunguka kwamba sukari isiposhuka, kinachofuata ni mguu.

Phimchan, muuguzi wa zahanati yetu, alikuja ukumbini akatueleza. Akasema tunamuua mtu kwa wema. Tulimsikiliza vizuri sana, tukatikisa vichwa, na kila mmoja akakubali kwa moyo safi kwamba jirani yake aache. Mimi nilimtazama mwenye nguruwe, naye mwenye nguruwe akazitazama soseji zangu. Saengla hakumtazama mtu. Aliinama akikunja ncha ya sketi yake.

Inthon alikuwa bado hospitalini nilipomfuata Saengla jikoni. Nilimkuta anakuna nazi. Mimi si mtu wa kubembeleza maneno, nikamwuliza ataweka nini kaka yake akirudi. Akasema ataweka kile kile anachoweka kila siku.

"Dada, mama alishakufa," nikamwambia. "Kaka yako bado."

Mkono ukasimama kwenye mbuzi ya nazi. "Wewe mume wako alikufa ameshiba," akasema. "Mama yangu alikufa anasubiri. Unataka nikamwambie asubiri tena?"

Nikarudi kwangu nimekasirika. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaza, na maskini Inthon nguo yenyewe ni dada yake. Lakini hasira zangu zilikuwa na machozi ndani, kwa sababu nilimwelewa.

Inthon akarudi. Alitakiwa apumzike, ila alfajiri iliyofuata tukamwona anakuja barabarani na bakuli lake, bandeji mguuni, akichechemea. Tulikuwa tumepiga magoti pembezoni mwa njia, mimi na Saengla bega kwa bega. Alisimama mbele yetu, akafunua bakuli. Saengla akainua lile fungu la jani la mgomba kwa mikono miwili mpaka kwenye paji la uso, kama desturi. Akaliweka. Inthon akafunika, akatusomea baraka kwa sauti ile ile ya siku zote, akaenda. Pale aliposimama, kwenye saruji, palikuwa na doa la damu.

Saengla alilitazama doa lile mpaka watu wote wakaondoka. Kisha akavua aproni, akaniambia, "Twende hekaluni." Biashara ya siku ile ilibaki mezani, nzi wakajihudumia.

Sasa, mtawa hawezi kumwomba mtu yeyote chakula, ila sheria inamruhusu kumwomba ndugu wa damu. Inthon angeweza kumwomba dada yake tangu zamani. Hakuwahi. Tulimkuta ameketi ukumbini, mguu umenyooshwa juu ya mto, bakuli mbele yake halijafunuliwa. Saengla akasujudu mara tatu, na alipoinuka uso ulikuwa umelowa.

"Kaka Mtawa," akasema, "mimi ni ndugu yako. Niombe. Unataka kula nini?"

Inthon akautazama mguu wake.

"Majani ya maboga," akasema. "Yale ya mama. Ya mchuzi mwepesi, na samaki mkavu."

Saengla akashtuka. Chakula kile walipikiwa miaka ile ya shida, mama yao akiyachuma majani kwenye ua wa watu. Akamkumbusha kaka yake kwamba mama mwenyewe alikuwa akiupenda wali mtamu. Inthon akacheka kidogo.

"Aliupenda kwa sababu alikuwa akiula Mwaka Mpya tu," akasema. "Siku nyingine zote alitukalisha mkekani tukala majani, na tukakua. Saengla, nimekula kwa ajili ya Mama miaka yote hii, na sikunung'unika. Mwache naye ale kwa ajili yangu kidogo."

Alfajiri iliyofuata Saengla alikuja na mchuzi wa majani ya maboga kwenye mfuko uliofungwa kwa mpira, na wali mweupe usio na chochote. Baraka iliposomwa alimimina maji yake ardhini polepole, yale ya kuwapelekea wafu thawabu, na nilikuwa karibu kiasi cha kumsikia. "Mama," alikuwa akinong'ona, "leo ni majani. Usininunie. Ni kwa ajili ya mwanao."

Kapuni mwangu mlikuwa na soseji. Nilizirudisha nyumbani nikazila mwenyewe, kwa hasara ya nani sijui, na kesho yake nikampelekea mume wangu mchicha wa kuchemsha na pilipili ya kutwanga. Nilimwambia atazoea, alipokuwa hai alizoea mangapi. Wengine walifuata, mmoja mmoja, kwa aibu. Mwenye nguruwe alichelewa kuliko wote.

Inthon siku hizi anafagia uwanja wa hekalu mwenyewe, kila jioni, na ndala miguuni kwa amri ya Phimchan. Mguu anao. Saengla anauza vitamu siku za sikukuu tu, siku nyingine anauza mchuzi, na mchana ananiita tukae mkekani tule. Anakula polepole, kama mtu anayejifunza.

Mwaka Mpya ulipofika alipika ule wali. Fungu moja, dogo. Alilipeleka ukumbini akaketi mbali, akimtazama kaka yake mdomo kama sisi sote. Inthon akafungua jani, akachota kijiko kimoja, akakila akiwa amefumba macho. Kisha akalikunja jani lake vizuri, akalisogeza kando.

"Mama ameshiba," akasema.